Nyota Kubwa na Mwenza Wake

Basi la kwenda Nyanza-Lac lilifia mbele ya jiko la Mwasiti. Abiria wakashuka wakimlaani dereva, isipokuwa msichana mmoja aliyeshuka kimya, amekumbatia bomba refu lililofungwa kwa kitenge, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Jua lilikuwa limekwisha kugusa milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwasiti alikuwa anageuza mikeke, samaki wa ziwa lile, juu ya makaa, na kwa sababu ya moshi alimwona mgeni yule vipandevipande: kwanza viatu vyenye vumbi, kisha lile bomba, mwishowe uso mdogo wenye wasiwasi.

"Eh, dada, hiyo ni bombe ya kulipua watu?" aliuliza Rachid, aliyeuza soda baridi kando ya jiko la Mwasiti na ambaye hakujua kunyamaza.

"Ni darubini. Ya kutazamia nyota."

"Nyota iko bure kule juu, sha! Wewe unazibebea mzigo mpaka kwenye basi?"

Watu wakacheka. Msichana naye akacheka, halafu akamgeukia Mwasiti. "Amahoro, mama. Naitwa Scovia. Nilitaka nifike kwa shangazi yangu Nyanza-Lac kabla ya giza, lakini dereva anasema kipuri kitatoka Bujumbura kesho. Kuna nyota ninayopaswa kuitazama kila jioni. Naomba unielekeze mahali penye giza."

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kile cha watu waliokulia kambi za wakimbizi Tanzania kabla ya kurudi nyumbani, na Mwasiti alikipenda papo hapo. Ombi lenyewe ndilo lililomshangaza. Mtaani kwao kila mtu alitafuta mwanga. Yeye mwenyewe alikuwa na taa kubwa nyeupe juu ya mlingoti, zawadi ya mwanawe Fahadi, na taa ile iliwavuta wateja kama taa za wavuvi zinavyovuta ndagala.

"Giza liko kwa Yaya Hadjara," Rachid alisema, kisha akauma ulimi.

Waliokuwa karibu wakaanza kuwatazama samaki kwa bidii, kana kwamba hawajawahi kuona samaki.

Hadjara, yaya yaani dada mkubwa kwa mtaa mzima, alikuwa mke mkubwa wa marehemu Karimu, na Mwasiti alikuwa mke mdogo. Nyumba ya mke mkubwa ilikuwa chini ufukweni, ya mke mdogo ilikuwa juu kando ya barabara. Tangu ziwa lilipoanza kupanda, maji yalikuwa yamemeza jiko la nje la Hadjara na mti wake mmoja wa ndimu, na ukuta wa mbele ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Majirani wa upande ule walikwisha kuhama, na umeme ukakatwa. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba mvua zijazo zikimkuta mle ndani, nyumba itamwangukia. Mwasiti alikuwa amewatuma watu wakamwombe apande kwake. Jibu lilikuwa lile lile: mke mkubwa hahamii kwa mke mdogo.

Na palikuwa na jambo jingine. Siku ya matanga ya Karimu, shangazi mmoja alipaza sauti mbele ya watu akasema Mwasiti amemla mume wao mpaka mifupa. Hadjara alikuwa amekaa pale pale na hakumkanya. Tangu siku ile wake wale wawili hawakukaa tena juu ya mkeka mmoja. Kila Ijumaa Mwasiti alimpelekea mwenzake sahani ya samaki kwa mkono wa jirani, na kila Ijumaa sahani ilirudi imeoshwa, ndani yake ndimu au chumvi kidogo, kwa sababu sahani ya mtu hairudishwi tupu. Lakini neno halikurudi.

"Twende," Mwasiti alimwambia mgeni, akajishangaa mwenyewe. Angeweza kumtuma Rachid. Labda ni ule uso wenye wasiwasi. Labda alikuwa akitafuta sababu ya kushuka kule kwa muda mrefu, na sababu ikamshukia kutoka kwenye basi.

Hadjara alikuwa amekaa uani juu ya kigoda, mwembamba, amejifunika kanga, nyuma yake maji yakilamba mifuko ya mchanga.

"Shikamoo, yaya."

"Marahaba. Eh, mudogo wangu! Umepotea njia?"

"Nimeleta mgeni. Anatafuta giza."

"Basi amefika. Giza ndilo pekee ambalo ziwa halijanichukulia." Akamtazama Scovia. "Karibu, mwanangu. Unataka kuifanyia nini hiyo giza?"

Scovia alifungua kitenge, akasimamisha bomba lake juu ya miguu mitatu, akaligeuzia ziwa mgongo, akalielekeza kwenye milima iliyo nyuma ya barabara, kaskazini mashariki. Kufikia wakati huo giza lilikuwa limeingia na nusu ya mtaa ilikuwa imewafuata. Kulikuwa na wanawake wenye watoto mgongoni na abiria wenzake waliokosa la kufanya, na Rachid naye alikuja na kreti yake ya soda. Mwasiti alipewa nafasi ya kwanza ya kuchungulia. Aliona nukta moja hafifu yenye wekundu.

"Hii tu?"

"Hii tu, mama. Kwa macho matupu huwezi hata kuiona. Lakini siku yoyote, labda leo, labda mwakani, italipuka, na mtu yeyote ataiona akiwa amesimama mlangoni kwake. Ilifanya hivyo mara ya mwisho yapata miaka themanini iliyopita. Tuko watu wengi duniani tunaongojea. Tunapokezana, kila mmoja na jioni yake, na upande huu jioni ni yangu."

"Inalipuka kwa nini?" mwanamke mmoja akauliza.

Hapo ndipo Scovia alipowaka. Alitoka nyuma ya darubini, mikono ikaanza kusema kabla ya mdomo. "Kwa sababu haiko peke yake! Ziko mbili, zinazungukana. Moja ni kubwa, jitu kabisa, imezeeka, imevimba, imekuwa nyekundu. Nyingine ni ndogo, nyeupe. Hii ndogo ndiyo mwenza wake."

"Mwenza!" Kicheko kikaanzia kwa wanawake. "Kumbe hata mbinguni wako na mke mwenza?"

"Mukubwa na mudogo," akasema mwingine, "boma moja?"

"Ziko karibu sana," Scovia akaendelea kwa furaha, akidhani wamemwelewa. "Karibu hata ngozi ya ile kubwa inamwagikia ndogo, kama sufuria ya mawese inapochemka ikafurika. Ndogo inavuta, inavuta, inajirundikia—"

"Mudogo ananyonya mukubwa mpaka anamumaliza!" Rachid akapiga makofi. "Hiyo haina haja ya darubini, sisi iko nao hapa hapa!"

Kicheko kilipasuka, kisha kikafa kama moto uliomwagiwa maji, maana kila mtu aliwakumbuka waliokuwa mbele yake. Hadjara alitazama chini. Mwasiti akawatazama mmoja mmoja. Kwa hiyo ndivyo walivyokuwa wakisema. Miaka yote ile, wakila samaki wake, ndivyo walivyokuwa wakisema.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata leo yaya hakusema kitu. Mwasiti alifunga kanga yake kiunoni, akapanda kilima peke yake, akakuta mikeke imeungua.

Asubuhi Scovia alikuja jikoni kabla makaa hayajashika. Alikuwa amelala kwa Hadjara, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Fahadi, nimekukosea, na mpaka usiku nilikuwa sijui nimekosea nini. Mama Hadjara ndiye aliyenieleza."

"Hukukosa. Umesema mwenza, umesema mkubwa na mdogo. Ni maneno ya kawaida. Huku kwetu tu yana wenyewe."

"Lakini sikumaliza. Watu walicheka nikashindwa kumaliza." Alichuchumaa mbele ya jiko bila kukaribishwa, akaokota vipande viwili vya mkaa, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, akaviweka chini. "Zilizaliwa pamoja. Hii ndogo unayoiona, ndiyo iliyokuwa kubwa."

Mwasiti aliacha kupepea.

"Ilikuwa kubwa kuliko mwenzake, kwa hiyo ikazeeka kwanza. Ikavimba yenyewe, kabla ya huyu. Ikavua kila kitu, tabaka kwa tabaka. Vingine vikapotelea angani, vingine vikamwangukia mwenzake. Mwisho ikabaki kiini tu, kidogo, chepesi kwa macho, kizito ajabu. Na huyu aliyekuwa mdogo sasa ameneemeka, amevimba kwa zamu yake, na kinachomwagika kinarudi kule." Akavisogeza vile vipande karibu. "Wataalamu hawasemi 'kinarudi'. Wanasema mvuto. Mimi ndiye ninayesema kinarudi."

"Kwa hiyo, huyo mkubwa wa sasa..."

"Ndiye mdogo wa zamani."

Mwasiti alivitazama vile vipande vya mkaa kwa muda. Kisha akajitazama mwenyewe, mikono yake minene inayong'aa mafuta, nyumba yake ya matofali, taa yake juu ya mlingoti. Akamkumbuka Hadjara wa zamani, mwanamke mrefu mwenye sauti, aliyemiliki mashine ya kukamulia mawese na aliyekuwa akiamkiwa na wanaume. Ni Hadjara huyo aliyempokea mlangoni alipokuja akiwa bibi harusi anayetetemeka, akamvisha kitenge chake mwenyewe kwa sababu alichokuja nacho kilikuwa kimechanika kwenye mashua. Ndiye aliyemfundisha kupasua mukeke mgongoni usikauke. Na alipozaa Fahadi na chumba kikawa kidogo, ni Hadjara aliyemwambia Karimu: mjengee kule juu, kwenye kiwanja changu nilichopewa na baba, mimi nina nini cha kukifanyia.

Kiwanja changu.

Alikuwa amekaa juu yake muda mrefu hata akasahau kilikuwa cha nani.

"Pepea moto huo, mwanangu," alimwambia Scovia. "Ukizimika, Rachid atasema umenyonywa na nyota."

Alishuka bila viatu. Hadjara alikuwa anasukuma maji kwa ufagio yatoke barazani, na maji yalikuwa yanarudi.

"Yaya, weka ufagio chini. Twende nyumbani."

"Nimekwisha kukujibu. Niliwajibu wote uliowatuma."

"Nilituma watu, nilikosea. Leo nimekuja mwenyewe."

"Hata ukija na mfalme. Mke mkubwa hahamii kwa mke mdogo. Kesho watasema nini? Hadjara amekwenda kuomba pa kulala."

"Kwangu ni wapi?" Mwasiti aliuliza. "Niambie. Kiwanja kile kule juu ni cha nani?"

Hadjara aliacha kufagia.

"Wewe huhamii kwangu, yaya. Mimi ndiye niliyehamia kwako, siku nyingi sana, na sijawahi kukuambia asante."

Maji yaliingia tena barazani, yakawazunguka miguu yote minne. Hadjara alikaa juu ya kigoda polepole.

"Siku ile ya matanga," alisema baadaye, "nilitaka kumwambia yule mwanamke anyamaze. Nilifungua mdomo. Halafu nikaona watu wanakuhurumia wewe, unalia, una watoto. Nikasema moyoni, acha na yeye achomwe kidogo." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Na jana, nilipowasikia wanacheka, neno lile lilinichoma mimi."

Mwasiti akachukua ufagio akasukuma maji.

"Nitakuja," Hadjara akasema. "Lakini ile lampe yako siitaki."

"Taa yangu imekufanyia nini?"

"Inapofusha mbingu. Yule mtoto amenipa kazi." Na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa na ule ujanja wa zamani. Hadjara hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano, lakini macho yake ya mbali hayakuwa na mfano. Kila Ramadhani ni yeye aliyeuona mwezi kwanza, wanaume wakiwa bado wanabishana mawingu yako wapi. Usiku uliopita Scovia alikuwa amemwonyesha: anza na nyota ile kubwa ya rangi ya chungwa, nenda kulia mpaka upate nyota ndogo zilizojipanga kama kikuku kilichokatika. Pembeni ya kikuku, chini kidogo, pana nafasi tupu. Siku nafasi ile itakapopata nyota, nipigie simu, maana mimi Nyanza-Lac naweza kuwa na mawingu na wewe huna. "Amesema macho yangu yatamsaidia kweli. Hakusema ili kunifurahisha, nilimtazama vizuri."

"Kila jioni?"

"Kila jioni. Baada ya swala ya isha, mpaka nitosheke."

Huo ndio wakati ambao wateja hujaa. Mwasiti alijua. Hadjara naye alijua, na alikuwa akimtazama.

"Kila jioni nitazima," Mwasiti alisema. "Nimesema."

Basi la Scovia liliondoka mchana ule. Rachid ndiye aliyebeba kitanda cha Hadjara kichwani mpaka juu, akihema na kuomba msamaha kwa namna yake. "Yaya, mimi mudomo wangu uko mbele ya akili. Lakini hii kitanda nayo iko nzito, kama ile nyota yako nyeupe!"

"Beba," Hadjara alimjibu. "Ulicheka bila kupumzika, beba bila kupumzika."

Jioni za kwanza zilikuwa rahisi. Mwasiti alizima taa, Hadjara akainua uso, watu wakapapasa vinywaji vyao gizani wakitaniana, kisha yaya akasema "bado", taa ikawashwa, na ujumbe wa neno hilo moja ukaenda Nyanza-Lac. Scovia alijibu kila mara kwa neno moja la shukrani: murakoze. Lakini baadaye wateja wengine walizoea kuhamia jiko la pili, la jirani mwenye taa yake, mara tu adhana ya isha iliposikika, na hawakurudi. Mwasiti aliona. Hakulitaja.

Ndipo ikafika tarehe mosi Julai, sikukuu ya uhuru. Watu wa Bujumbura walishuka kwa magari wakaoge ziwani, na jioni wote walitaka mukeke. Mwasiti hakuwahi kuona foleni kama ile. Majiko yote yalikuwa yanawaka, Rachid alikuwa anafungua chupa kwa meno, na samaki walikuwa wanaondoka kabla hawajaiva sawasawa. Hii ndiyo jioni aliyoitegemea mwaka mzima, ile ya kupata fedha za kumaliza paa la chumba cha nyuma, chumba ambacho sasa kilikuwa cha yaya.

Adhana ilikwisha kitambo. Hadjara alitoka chumbani baada ya kuswali, akakaa kwenye kigoda chake, na Mwasiti akaona kwamba leo amekigeuza. Alikuwa ameipa milima mgongo, anatazama barabara, tasbihi mkononi, kama mtu asiye na shughuli na mbingu.

"Yaya, mbona umekaa hivyo?"

"Shingo inaniuma. Leo tuache. Una wageni, na ile nyota haitanuna."

"Shingo inakuuma tangu lini?"

"Mudogo wangu, usinisumbue. Geuza samaki wako."

Mwasiti aligeuza samaki. Mbele yake palikuwa na mwanamume mwenye kofia nyekundu aliyeagiza kwa ajili ya gari zima. Nyuma yake kulikuwa na wengine, na wengine tena, nyuso zote zimeng'aa chini ya taa nyeupe. Akafikiria chumba kisicho na paa zuri. Akafikiria mvua. Akafikiria pia sauti yake mwenyewe ikisema "nimesema", miguu yake ikiwa ndani ya maji.

Alijifuta mikono, akanyoosha mkono, akazima.

Kelele zilipanda kutoka pande zote. "Umeme umekwenda!" "Mama, samaki wangu!"

"Haukwenda. Nimezima mimi. Ngojeni kidogo, tunatazama kitu."

"Kitu gani? Sisi tuna njaa!"

"Samaki anaiva kwa makaa, haivi kwa ampule ya taa!" Rachid akapiga kelele gizani. "Angalieni juu, watu wa mjini, huko kwenu hamna hizi!"

Wengi hawakungoja. Mwasiti alisikia viatu vikiondoka, akamwona yule wa kofia nyekundu na gari lake zima wakielekea kwenye mwanga wa jiko la pili. Aliwaacha waende. Alipapasa mpaka kwenye kigoda, akamshika Hadjara mabega, yale mabega membamba yenye uzito wake, akamgeuza taratibu kuelekea milimani.

"Wewe una kichwa kigumu," Hadjara alisema kwa sauti iliyokatika.

"Nilifundishwa na nani?"

Macho yalianza kuzoea. Juu ya milima nyota zilijitokeza, chache, kisha nyingi, kisha zisizo na hesabu, na ile ya rangi ya chungwa katikati yao. Waliobaki kwenye foleni walikuwa wameacha kunung'unika. Mtoto mmoja aliuliza ni ipi, na mama yake akamwambia nyamaza, mwache bibi aangalie.

Hadjara alinyoosha kidole. Kilitembea polepole kutoka ile nyota kubwa kwenda kulia, kikafika kwenye kikuku kilichokatika, kikateremka kidogo pembeni, kikasimama.

"Bado," alisema.

"Nafasi iko tupu?"

"Iko tupu. Labda kesho."

Mwasiti alirudi kwenye mlingoti na kuweka mkono juu ya swichi. Lakini hakuwasha. Kidole cha yaya kilikuwa bado juu, kinamwonyesha yule mtoto njia, na yaya alikuwa hajatosheka.